Bata wa Marehemu Bi Sikudhani

Palikuwa na nchi moja yenye huruma kupita kiasi. Msiniulize iko wapi, mimi msimuliaji tu, na nina watoto wa kulea. Ninachojua ni kwamba serikali ya nchi hiyo iliwaonea raia wake uchungu mwingi, ikaona si vizuri uchungu huo uzagae barabarani ovyo ovyo, ikauundia wizara. Ikaitwa Wizara ya Hisia na Makazi. Ikapewa jengo la ghorofa tisa na lifti inayoishia ghorofa ya nne, kwa kuwa ofisi ya waziri ilikuwa ghorofa ya nne.

Sheria ya kwanza ya wizara ilikuwa nzuri, na anayesema vingine ana lake jambo. Ilisema kwamba mpangaji yeyote mwenye huzuni iliyothibitishwa anaruhusiwa kukaa na mnyama wa kumfariji, na mwenye nyumba haruhusiwi kukataa, wala kuguna. Mwaka ule ule wapangaji wa nchi nzima wakashikwa na huzuni. Koplo mmoja aliyenyimwa cheo akafarijiwa na nyani wawili. Karani wa mahakama aliachwa na mchumba, akapewa punda. Alipopata mchumba mwingine punda akabaki, maana hati yake ilikuwa ya miaka mitano. Wenye nyumba walipoanza kunung'unika, waziri mwenyewe akaenda redioni.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, kwa ile sauti yake iliyolowa, "mpangaji ana moyo. Mwenye nyumba ana nyumba. Mtu mmoja hawezi kupewa vyote viwili, huo utakuwa ulafi!"

Watu wakapiga makofi majumbani mwao, madirisha wakiwa wameyafungua ili wasikike.

Basi ikaandikwa, kifungu cha tisa, kwamba mwenye nyumba hana hisia. Na ili asije akaonewa kwa kutojua, akasomeshwa. Kila mwenye nyumba alihudhuria semina ya siku mbili, yenye soda na robo kuku, akafundishwa kwamba mpangaji akilia mbele yake asimwambie "usilie," asimpe kiti, asimshike bega. Aseme neno moja tu: "Napokea." Kisha aondoke kwa hatua za kawaida.

Katika semina ya kata, aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa Mzee Sengasu, mwenye nyumba ya vyumba sita nyuma ya soko la kuni. Walimwonesha picha ya mtoto anayelia pembeni ya shimo, hakupepesa hata jicho. Ukweli ni kwamba miwani aliisahau nyumbani. Lakini mtihani ni mtihani, akatunukiwa Cheti cha Kutokuwa na Hisia, Daraja la Kwanza, chenye muhuri na utepe mwekundu.

Mkewe, Bi Sikudhani, alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Miaka thelathini na nne nimeolewa na jiwe na sikuambiwa!"

"Cheka tu," Mzee alisema. "Wenzangu wamerudia mtihani."

Bi Sikudhani akakitundika cheti uani, juu ya kibanda cha Shangazi, ili Shangazi naye ajue anaishi na mtu wa namna gani.

Shangazi huyo ni vizuri nimtambulishe. Alikuwa bata bukini, jike, mweupe, mwenye shingo ndefu na maoni mengi. Bi Sikudhani alimleta kutoka sokoni ndani ya beseni, kifaranga, mwaka ule yeye na mumewe walipokubaliana kwamba kama Mungu hakuwapa mtoto mpaka leo, basi ana sababu zake. Alimpa jina hilo kwa kuwa tangu siku ya kwanza yule bata alimtazama Mzee Sengasu kama mtu anayetaka kujua mahari ilikamilika au haikukamilika.

Alimpenda Bi Sikudhani, akamchukia mumewe, na wala hakuficha. Kila asubuhi Mzee akienda bafuni anadonolewa muundi wa kushoto; akirudi, wa kulia.

"Mke wangu, bata wako ataniua!"

"Hakuui, anakusalimia. Mwitikie."

Na kila jioni, jua likishuka, Bi Sikudhani alichukua mfuniko wa sufuria akaugonga kwa mwiko mara tatu, ko, ko, ko, na Shangazi popote alipo alikuja mbio, mabawa wazi, kula pumba kwenye kiganja chake. Miaka kumi na moja hakukosa hata jioni moja.

Kisha Bi Sikudhani akafa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Jumatatu alisema kichwa kinamgonga, Jumatano wakamzika.

Watu walijaa matangani. "Pole, Mzee." "Nimeshapoa." "Pole sana, Mzee wetu." "Nimeshapoa, ahsante." Hiyo ndiyo desturi ya watu wa kule: ukipewa pole unajibu umeshapoa, hata kama mguu umekatika sasa hivi na bado uko pale barabarani. Mzee Sengasu alifundishwa na mama yake, kwa kofi, akiwa na miaka minne. Siku zile za matanga alijibu pengine mara mia sita, na kila aliyejibiwa alitikisa kichwa kwa heshima, akaenda zake kula ubwabwa akisema mzee huyu ana adabu. Mzee alibaki kwenye mkeka. Machozi yalikuwa hayatoki.

Matanga yakaanuliwa. Jioni ya kwanza ya upweke, jua likishuka, Shangazi akaja mwenyewe mpaka mlango wa jiko, akasimama. Akangoja. Giza likaingia, akarudi kibandani bila kula. Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile. Mzee alikuwa anamchungulia kupitia upenyo wa dirisha, na kila siku alirudi kitandani ameumia zaidi ya jana.

Siku ya kumi na mbili akashindwa. Akachukua mfuniko, akachukua mwiko, akagonga mara tatu. Mbona Shangazi alikuja! Alikuja na mabawa wazi, anapiga kelele za furaha, anaangusha ndoo, mpaka mlangoni, akainua shingo, akaona ni nani. Akakunja mabawa. Kisha akamdonoa muundi wa kushoto, kwa nguvu zake zote.

"Najua," Mzee alimwambia. "Mimi pia nilimtaka yeye."

Akamwekea pumba kiganjani, na Shangazi, baada ya kufikiri sana, akala. Tangu hapo ikawa hivyo kila jioni: mfuniko, mbio, dono, pumba. Mzee alikuwa na alama muundi mzima, na hakuna kitu kingine duniani alichokuwa anakingojea mchana kutwa ila hicho.

Ndipo wizara ikatangaza sensa ya wanyama wa faraja.

Afisa Hisia wa Kata aliitwa Bwana Mchomvu, mtu mnene, mpole, mwenye leso tatu mifukoni kwa ajili ya kazi. Aliingia uani na daftari, akiongozwa na Kidawa, fundi cherehani wa chumba cha nne. Kidawa ndiye aliyemshika Bi Sikudhani mkono siku ile ya mwisho.

"Bata huyu anamfariji nani?" Bwana Mchomvu aliuliza.

"Ni wa marehemu mke wangu," Mzee alisema.

"Marehemu hana huzuni tena," afisa akaandika. "Mwingine?"

"Basi mimi."

Bwana Mchomvu akainua macho, akakiona cheti juu ya kibanda, akakisoma, na uso wake ukajaa heshima. "Daraja la Kwanza! Mzee wangu, hongera. Kata nzima mko wawili, na mwenzako amefariki."

Akaeleza kwa upole. Mnyama asiyemfariji mtu si mnyama wa faraja, ni mfugo, na mfugo hauruhusiwi mjini. Zikipita siku saba, bata atapelekwa Kambi ya Wanyama Wasio na Huzuni. Kambi hiyo, kwa bahati nzuri, iko nyuma kabisa ya jiko la kantini ya wizara, na tangu ifunguliwe hakuna mnyama hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Mzee Sengasu hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda ofisini, akapewa fomu ya huzuni. Swali la kwanza lilisema: jina la mwenye nyumba wako. Akaandika Sengasu. Karani akairudisha. Akaandika "mimi mwenyewe." Karani akairudisha na chai imemwagikia juu. Mwishowe Bwana Mchomvu alimvuta pembeni, karibu na ngazi.

"Mzee wangu, mimi si mtu mbaya. Nakushauri kama mwanao. Sheria haikukatazi wewe kulia. Inamkataza mwenye nyumba. Ukiwa mpangaji, moyo unao, tena kuanzia siku ile ile ya mkataba."

"Nikapange wapi? Shangazi hali kitu ila kwenye mlango ule wa jiko."

"Si lazima uhame," Bwana Mchomvu alinong'ona. "Kinachohama ni hati."

Nyumba ile Mzee na mkewe waliijenga kwa miaka tisa. Bi Sikudhani alikuwa anabeba maji ya kufyatulia tofali kichwani, na chumba cha sita walikipaka rangi ya samawati, kwa ajili ya mtoto, kabla hawajakata tamaa. Siku hiyo hiyo Mzee alibisha chumba cha nne, akamwambia Kidawa anampa nyumba.

Kidawa aliangusha mkasi. "Baba, umelala kweli wewe? Nyumba nzima kwa ajili ya bata?"

"Siyo kwa ajili ya bata."

Kidawa alimtazama. Akaelewa, akaanza kulia, na Mzee, kwa mazoea ya semina, akakaribia kusema napokea. Akajizuia. "Utanipangisha chumba changu cha zamani, mwanangu. Nami nitakuwa mtu."

Wakasaini. Lakini mwenye nyumba mpya lazima asome, kwa hiyo Kidawa naye akaenda semina, Alhamisi na Ijumaa, akarudi na Daraja la Tatu kwa kuwa alitokwa na chozi kwenye picha ya mtoto. Mzee alimpokea mlangoni, akamweleza kwamba Shangazi leo hakula, anahisi kitu, na yeye mwenyewe anaogopa.

"Napokea," Kidawa alisema.

Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Yesu na Maria! Nisamehe, Baba. Siku mbili tumekaririshwa, mdomo umekwenda wenyewe."

"Mdomo ndivyo ulivyo," Mzee alimwambia, na hakumchukia.

Ukaguzi wa huzuni ulipangwa siku ya saba, saa kumi jioni. Kidawa alimfanyisha mazoezi tangu asubuhi. Alimwambia asivae shati lililopigwa pasi. Alimwambia asisifu serikali, maana mwenye huzuni ya kweli hasifu kitu. Alimweleza kuhusu kikombe: wizara ina kikombe cha bati chenye mstari mwekundu ndani, anapewa mwombaji alilie humo, na huzuni isiyofika mstari inahesabiwa kuwa kero. "Fikiria chumba cha samawati, Baba. Fikiria ndoo zile za maji." Mzee alifikiria, na kwa mara ya kwanza tangu matanga macho yakamchoma. "Hapo hapo!" Kidawa alisema. "Yashike hayo mpaka saa kumi!"

Alimwonya juu ya kila kitu. Juu ya salamu hakumwonya, na mimi simlaumu, kwani nani humfundisha mzee wa miaka sabini adabu?

Saa kumi Bwana Mchomvu aliingia na askari wawili wa wanyama, tenga tupu, fomu, na kikombe. Alikuwa amefurahi kwa dhati. Alitaka jambo lile limalizike vizuri. Akakiweka kikombe juu ya kigoda mbele ya Mzee, akafungua kalamu, akainama kidogo, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya nyumbani kwa mfiwa.

"Mzee wangu, kabla hatujaanza. Pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa, mwanangu," Mzee Sengasu alisema. "Karibu ukae."

Kalamu ya Bwana Mchomvu ilikuwa imekwisha kuandika. Ilikuwa kalamu ya kazi, haingoji. Akasoma alichoandika.

"Mwombaji ameshapoa," alisema, polepole.

"Hapana!" Kidawa aliruka. "Ni maneno ya adabu tu hayo! Wewe mwenyewe ukipewa pole unajibuje?"

"Najibu nimeshapoa."

"Na unakuwa umepoa?"

Bwana Mchomvu alitoa leso ya kwanza. "Mama Mwenye Nyumba, hapa kuna mahali pa kuandika neno la mwombaji. Mahali pa kuandika adabu yake hapapo. Na neno la kwanza ndilo linalosajiliwa, sheria hiyo sikuitunga mimi."

Mzee alikuwa amekaa na mdomo wazi, akimtazama afisa, akimtazama Kidawa. "Sikumaanisha," alisema. "Mwanangu, andika upya. Sikumaanisha hata kidogo." Lakini fomu zilikuwa na namba, na kila moja ilikuwa ya mtu mmoja kwa maisha yake yote.

Askari wakaenda kibandani. Sasa Shangazi hakuwa bata wa kushikwa na askari. Alimdonoa wa kwanza kidevuni, wa pili akamwangusha kwenye maji ya kufulia, akaruka juu ya kamba ya nguo, juu ya bafu, juu ya banda la kuni, akasimama huko juu ameinua shingo, anawatukana kwa lugha yake. Walihangaika naye saa nzima. Wapangaji walitoka kutazama, na walianza kushangilia, kisha wakakumbuka hati zao za wanyama, wakanyamaza.

Jua likaanza kushuka. Bwana Mchomvu alifuta jasho kwa leso ya pili, akafungua kitabu cha sheria, akasoma kwa sauti isiyotaka kusikika: mfugo usipokabidhiwa kabla ya jua kuzama, anayewajibika ni mwenye nyumba. Nyumba inafungwa. Mwenye nyumba anawekwa ndani miezi kumi na minane.

Kidawa alisogea ukutani, akashika kanga yake kifuani. Angeweza kusema, "Baba, mtoe," na hakusema, na hilo ndilo Mzee alilolikumbuka maisha yake yote.

Akainuka. Akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa na mfuniko wa sufuria na mwiko.

"Baba, usifanye hivyo," Kidawa alisema. "Siyo kwa huo. Tafadhali."

Akagonga. Ko. La pili likatoka dogo. Ko. La tatu sijui kama lilisikika kwa mtu mwingine, lakini Shangazi alilisikia. Alishuka kutoka juu ya banda la kuni na mabawa wazi, akapita katikati ya askari kama hawapo, mbio, mpaka kwenye miguu ya Mzee. Mzee alisogeza muundi wa kushoto, kwa kuwa ndio uliokuwa na zamu.

Shangazi hakumdonoa. Alimtazama, akashusha ile shingo yake ndefu, akailaza juu ya mguu wa Mzee Sengasu, akatulia hapo. Miaka kumi na moja hakuwahi kufanya hivyo hata mara moja.

"Mnyama ameonesha faraja," Bwana Mchomvu alisema kwa mnong'ono. Kalamu ilikuwa hewani. Akaitazama fomu, nayo imeshafungwa. Akairudisha kalamu mfukoni, akatoa leso ya tatu, na safari hii alifuta macho yake mwenyewe. Kisha akawapa askari ishara.

Mzee mwenyewe ndiye aliyemwinua kumtia ndani ya tenga. Alisema wao wangemwumiza bawa. Shangazi hakupiga kelele, si uani, si koridoni, si barabarani. Wapangaji waliingia vyumbani mmoja mmoja na kufunga milango.

Kidawa alikuja akachuchumaa mbele yake. "Nitakurudishia nyumba, Baba. Kesho asubuhi."

"Ya nini, mwanangu?"

Kidawa akamshika magoti. "Pole, Baba," alisema. "Pole sana."

Mdomo wa Mzee ukafunguka kujibu, kama ulivyozoea kwa miaka sitini na sita. Ukakaa wazi. Kikatoka kitu kingine, kwa sauti ambayo Kidawa hakuwahi kuisikia.

"Sijapoa," Mzee alisema. "Sijapoa, mwanangu. Sijapoa hata kidogo. Sikudhani wangu mimi! Nimempeleka bata wake kwa mkono wangu! Kwa mfuniko wake!" Akaanguka mbele, akashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, na kitu hicho kilikuwa kile kikombe cha bati juu ya kigoda, ambacho Bwana Mchomvu katika kufuta macho alikuwa amekisahau. Akakikumbatia kifuani na kulia humo bila kujua analia wapi. Kidawa, Daraja la Tatu, alimkumbatia na kulia naye, kinyume cha kifungu cha tisa.

Asubuhi akaja tarishi wa wizara. Alikuwa mtu mzima, mstaarabu, kofia mkononi. Aliamkia, akaitikiwa kwa kichwa, akasema ametumwa kikombe.

Kidawa alimletea kwa mikono miwili ili kisimwagike. "Tazama mwenyewe, kaka. Kimepita mstari. Kimepita kwa vidole viwili. Mpelekee Bwana Mchomvu hivi hivi, akione."

Tarishi akachungulia, akaguna kwa huruma. Hakuwa amewahi kuona kipimo kama kile. "Ni kweli kimepita, Mama Mwenye Nyumba. Lakini fomu ilifungwa jana saa kumi na dakika mbili. Na mali ya serikali inarudishwa ikiwa safi."

Akakimwaga pale chini, mlangoni kwa jiko, na ardhi ikanywa mara moja. Akakifuta ndani kwa mkono wa shati, akakipuliza, akakitia mfukoni. Mzee Sengasu alikuwa amekaa kwenye kigoda na mfuniko mapajani, hakuinua macho.

"Haya, poleni sana," tarishi alisema.

Akavaa kofia, akasimama kidogo angojee kujibiwa, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyemjibu.